Jinsi ya Kumsoma James Joyce Bila Kuishia Njiani: Mwongozo Kamili

Wengi wanaomjua James Joyce, mwandishi wa Ireland, wanamjua kwa kitabu ambacho hawajakimaliza. Wananunua Ulysses kwa sababu kila orodha ya riwaya kubwa za karne ya 20 inaitaja, wanafika sura ya tatu, ambako kijana mmoja anatembea ufukweni akimuwaza Aristotle kwa lugha kadhaa, na kitabu kinarudi rafuni. Kuanzia siku hiyo Joyce anakuwa mwandishi wa maprofesa.

Mimi sikubaliani. Joyce aliandika kuhusu watu wenye madeni, walevi wa baa, wake waliochoka, maziko, matangazo ya magazeti na figo za kukaanga. Ugumu wake uko masikioni zaidi kuliko kichwani. Msomaji anangoja kusimuliwa hadithi, na Joyce anamkalisha barazani katikati ya watu wanaofahamiana miaka mingi, wanaotajana kwa majina ya utani na kucheka mambo ya juzi, wala hakuna anayejisumbua kumweleza mgeni. Mgeni mwenye busara hunyamaza, husikiliza, na baada ya muda huanza kuunganisha. Hivyo ndivyo Joyce anavyosomwa, na hatua zinazofuata zimepangwa kwa ajili ya msikilizaji wa namna hiyo.

Hatua ya 1: Yajue maisha yake kwanza

Joyce hakubuni sana. Alichukua watu aliowafahamu, mitaa aliyopita na maneno aliyoyasikia, akayapanga upya. Saa moja ya kuyajua maisha yake itakuokolea jioni nyingi za kukwama.

Alizaliwa tarehe 2 Februari 1882 huko Rathgar, kitongoji cha Dublin, wakati Ireland ikiwa bado chini ya Uingereza. Baba yake, John Joyce, alikuwa mkusanya kodi: mwimbaji hodari, mcheshi, mkarimu akiwa baa, na mtu asiyejua kabisa kushika fedha. Mali aliyorithi kutoka Cork aliiweka rehani kidogo kidogo mpaka ikaisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 kazi nayo ikaota mbawa. Watoto waliokua walikuwa kumi, James akiwa mkubwa wao, na familia ikawa inahama nyumba hata nyumba, kila mara mtaa ukizidi kuwa duni. Aibu hiyo ya watu waliokuwa nacho wakakosa utaikuta katika kila kitabu chake.

Walimu wake walikuwa Wajesuiti: kwanza Clongowes Wood, shule ya bweni ya watoto wa wenye uwezo, halafu, fedha zilipokatika, Belvedere mjini Dublin. Alimaliza chuo kikuu mwaka 1902. Imani aliiacha, lakini namna ya kufikiri ya mapadre haikumtoka, na vitabu vyake vimejaa misa, Kilatini, dhambi na kitubio. Msomaji aliyepitia seminari au shule ya misheni ana faida hapa: atatambua mara moja vitu ambavyo wasomaji wengi wa Ulaya siku hizi huvitafutia maelezo nyuma ya kitabu.

Siasa nayo usiiruke. Charles Stewart Parnell, kiongozi aliyekaribia kuipatia Ireland serikali yake ya ndani, aliangushwa baada ya uhusiano wake na mke wa mtu kuanikwa mahakamani; maaskofu na baadhi ya wafuasi wake wakamgeuka, naye akafariki Oktoba 1891. John Joyce hakuwasamehe kamwe. Mwanawe, akiwa na miaka tisa, alitunga shairi la kuwalaani wasaliti wa Parnell. Kusalitiwa na watu wako mwenyewe kukawa jambo alilolirudia maisha yake yote.

Kisha ukaja mwaka 1904. Mama yake alikuwa amefariki kwa saratani Agosti ya mwaka uliotangulia. Tarehe 10 Juni alikutana barabarani na Nora Barnacle, msichana wa Galway aliyefanya kazi hotelini, na tarehe 16 Juni wakatoka pamoja kwa mara ya kwanza. Ndiyo siku aliyoichagua baadaye kuwa siku nzima ya Ulysses. Oktoba mwaka huohuo wakaondoka Ireland bila ndoa, wasiwe na kitu. Ndoa yao waliisajili London mwaka 1931, watoto wao wakiwa watu wazima.

Waliishi kwanza Pola, kisha Trieste, bandari ya Dola la Austria-Hungaria ambayo leo iko Italia. Joyce alifundisha Kiingereza katika shule ya Berlitz na kwa wanafunzi binafsi. Alikopa bila haya, na mdogo wake Stanislaus, aliyemfuata huko, ndiye aliyelipa mengi ya madeni yake. Giorgio alizaliwa mwaka 1905, Lucia mwaka 1907, na nyumbani walizungumza Kiitaliano. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa mfanyabiashara Myahudi aliyeandika kwa jina la Italo Svevo. Sehemu ya tabia za Leopold Bloom, mhusika mkuu wa Ulysses, ilitoka kwake. Vita vya Kwanza vya Dunia viliwasukuma Zurich, na mwaka 1920 wakahamia Paris, wakakaa huko karibu miaka 20.

Miaka ya Paris ilikuwa ya sifa na maumivu kwa pamoja. Macho yalimsumbua mno, akafanyiwa upasuaji mara nyingi, na picha zake zenye kitambaa jichoni ni za kipindi hicho. Lucia, aliyekuwa mcheza dansi, aliugua akili. Vita vya Pili vilipofika Ufaransa, familia ilirudi Zurich, na huko Joyce alifariki tarehe 13 Januari 1941 baada ya upasuaji wa kidonda cha tumbo, akiwa na miaka 58.

Jambo moja la kubeba unapoendelea: baada ya mwaka 1912 hakukanyaga tena Ireland, na bado hadithi fupi na riwaya zake zote ni za huko. Akiwa Paris alimwandikia shangazi yake Josephine kumuuliza kama mtu wa kawaida anaweza kupanda uzio wa chuma wa nyumba namba 7, Eccles Street, Dublin, makao ya Bloom katika Ulysses, na kujishusha upande wa pili bila kuumia. Alilihitaji jibu kwa ajili ya aya moja tu.

Hatua ya 2: Chagua toleo

Hapa usipoteze muda. Dubliners, A Portrait of the Artist as a Young Man na Ulysses zinapatikana bure na kihalali kwenye Project Gutenberg. Nakala ya karatasi ina faida moja kubwa, nayo ni kuandika pembezoni.

Ulysses ndiyo yenye utata, kwa kuwa toleo la kwanza lilichapwa na mafundi wa Dijon wasiojua Kiingereza, huku Joyce akiongeza maneno mpaka dakika za mwisho. Makosa yakawa mengi. Mwaka 1984 Hans Walter Gabler alitoa toleo lililosahihishwa, lenye namba kwenye mistari, na wasomi wakagombana kwa miaka. Msomaji wa kawaida asiingie kwenye ugomvi huo. Chukua toleo lolote lenye utangulizi na maelezo; la Oxford World's Classics linatumia maandishi ya mwaka 1922 na maelezo yake ni mazuri. Mkisoma kikundi, wote mshike toleo moja, la sivyo nusu ya kikao itaishia kutafuta kurasa.

Hatua ya 3: Anza na Dubliners, hadithi moja kila jioni

Hadithi fupi 15, lugha nyepesi. Hata kama shabaha yako ni Ulysses, anzia hapa, kwa sababu baadhi ya watu wa humu, kama Lenehan, Corley, Bob Doran na Martin Cunningham, utakutana nao tena kule.

Usianze na hadithi ya kwanza. Inahusu padre aliyefariki na imejaa sentensi zinazokatwa kabla ya kuisha, ikamchosha msomaji mpya. Soma Araby, kisha Eveline, ndipo urudi mwanzo na kufuata mpangilio wa kitabu, ambao unakwenda kutoka utotoni hadi utu uzima na mambo ya umma.

Mbinu yangu kwa Dubliners ni kufuata fedha. Joyce anazihesabu kwa umakini wa muuza duka. Katika Araby mvulana amemwahidi msichana anayempenda kwamba atamletea zawadi kutoka kwenye gulio. Anangoja mjomba arudi na fedha. Mjomba anachelewa, amekunywa. Mvulana anatoka na florini moja, yaani pensi 24. Kiingilio kinameza shilingi nzima, pensi 12. Mwishoni, taa zikizimwa, mfukoni, baada ya nauli ya treni, zimebaki pensi nane, na hajanunua kitu. Joyce hakuambii kwamba mapenzi yale yalikuwa ndoto ya mtoto maskini. Hesabu imekwisha kukuambia.

Eveline soma mara mbili. Msichana wa miaka 19 amekaa dirishani jioni. Baba ni mkali, mshahara wote wa binti wa kazi ya dukani unaishia nyumbani, na binti alimwahidi mama yake aliyekuwa anakufa kwamba atailinda familia. Baharia aitwaye Frank anataka kumpeleka Buenos Aires. Kurasa chache baadaye wako bandarini, meli inapiga honi, naye ameng'ang'ania chuma cha uzio na haendi. Kwa nini? Mara ya kwanza utasema ni woga. Mara ya pili angalia yote tunayoyajua kuhusu Frank yametoka kwa nani: kwa Frank mwenyewe. Kuna wahakiki walioonyesha kwamba meli za North Wall, gati la Dublin wanaposimama wawili hao, zilikwenda Liverpool, wakauliza kama safari ya Buenos Aires ilikuwepo kweli. Jibu halimo kitabuni, na ni zoezi zuri la kumzoea mwandishi asiyetoa hukumu.

Hadithi ya mwisho, The Dead, ipe jioni nzima. Gabriel Conroy, mwalimu na mwandishi wa makala, anahudhuria karamu ya kila mwaka ya shangazi zake. Usiku kucha anajishughulisha na hotuba yake na heshima yake. Wakati wa kuondoka anamwona mke wake, Gretta, amesimama ngazini akisikiliza wimbo. Hotelini ndipo anapojua kwamba wimbo ule ulimkumbusha Michael Furey, kijana wa Galway aliyempenda na kufa akiwa na miaka 17. Gabriel ameishi na mtu asiyemjua. Joyce alimchora Furey kutokana na kijana wa kweli katika maisha ya Nora, maana yake aliugeuza wivu wake mwenyewe kuwa hadithi ya huruma. Kwa maoni yangu hakuwahi kuandika kitu bora zaidi, Ulysses ikiwemo.

Kitabu hiki kilimtesa kabla ya kutoka. Mchapishaji wa London, Grant Richards, alitia saini mwaka 1906, kisha akaogopa, kwa kuwa sheria ya Uingereza ilimwadhibu hata mpiga chapa. Mchapishaji wa Dublin akakubali mwaka 1909, na mwaka 1912 kurasa zilizokwisha kupigwa chapa zikaharibiwa. Joyce aliondoka Dublin kwa hasira na hakurudi. Kitabu kilitoka Juni 1914, kwa Grant Richards yuleyule.

Hatua ya 4: Pita kwenye A Portrait bila kukaa sana

Riwaya hii ilitoka kwa mfululizo katika jarida la The Egoist kuanzia mwaka 1914, na kama kitabu New York mwaka 1916. Inamfuata Stephen Dedalus, yaani Joyce aliyebadilishwa jina, kutoka utotoni mpaka anapoamua kuondoka Ireland.

Kazi yako hapa ni moja: tazama lugha inavyokua pamoja na mhusika. Ukurasa wa kwanza unaongea kama mtoto anayesimuliwa habari za ng'ombe. Sura ya mwisho ni ya kijana msomi mwenye majivuno, anayetunga nadharia za urembo. Wasomaji wengi humchukia Stephen hapo mwisho, na nadhani Joyce naye alikuwa akimcheka kidogo.

Kuna sehemu mbili za kusoma polepole. Ya kwanza ni chakula cha Krismasi, ambapo baba, rafiki yake na mama mlezi wa watoto wanagombana kuhusu Parnell na maaskofu mpaka watu wazima wanalia mbele ya mtoto. Ya pili ni mazungumzo ya sura ya tano kati ya Stephen na mkuu wa masomo, Mwingereza, yanayomfanya kijana atambue kwamba lugha anayoiandika ilikuwa ya yule mzee kabla ya kuwa yake. Aliyefuatilia hoja za Ngũgĩ wa Thiong'o kuhusu lugha atalisoma suala hilohilo likijibiwa tofauti kabisa: Ngũgĩ aliamua kurudi kwenye Kikuyu, Joyce aliamua kukivunja Kiingereza na kukijenga upya. Mahubiri ya jehanamu katika sura ya tatu ni marefu. Ukichoka, pitisha macho.

Hatua ya 5: Ulysses, sura moja kwa wiki

Ratiba kwanza. Sura ni 18. Ukianza tarehe 2 Februari, siku ya kuzaliwa kwake, na kusoma sura moja kwa wiki, utamaliza ukiwa na wiki moja ya akiba kabla ya 16 Juni. Akiba hiyo utaihitaji kwenye sura ya 15.

Kisha fahamu kisa, kwa sababu hapa hakuna siri ya kuharibiwa. Ni Alhamisi, 16 Juni 1904, Dublin, kuanzia saa mbili asubuhi hadi usiku wa manane na kupita. Leopold Bloom, miaka 38, ni wakala wa matangazo ya gazeti, mtoto wa Myahudi aliyehamia kutoka Hungaria. Mke wake Molly ni mwimbaji, na Bloom anajua kwamba alasiri hiyo atatembelewa na Blazes Boylan, na si kwa ajili ya muziki peke yake. Bloom anazurura mjini ili asiwepo nyumbani. Mwanawe Rudy alifariki akiwa na siku 11, na tangu hapo ndoa haijakaa sawa. Stephen Dedalus, sasa miaka 22, anazurura pia, akiwa na hatia juu ya mama yake na pengo la baba wa maana. Usiku sana wanakutana, wanakunywa kakao jikoni kwa Bloom, na Stephen anaondoka. Basi.

Jina la kitabu ni jina la Kilatini la Odysseus, shujaa wa Odyssey, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer, na kila sura inaakisi kisa kimoja cha utenzi huo. Majina ya sura kama Calypso au Cyclops hayamo kitabuni, ila wasomaji wote huyatumia. Muhtasari wa Odyssey wa kurasa mbili unakutosha.

Sura tatu za kwanza ni za Stephen. Ya tatu ikikushinda, ruka uende ya nne, umkute Bloom akimwandalia mke wake kifungua kinywa na kumpa paka maziwa. Hakuna atakayekukamata. Sura ya nne ndiyo shule ya kujifunza mkondo wa mawazo. Bloom anavuka barabara, na maandishi, kwa tafsiri yangu, yanakwenda hivi: "Jua lilikuwa linakaribia mnara wa kanisa la George. Leo litakuwa joto nadhani. Hasa na nguo hizi nyeusi." Sentensi ya kwanza ni ya msimulizi. Zilizofuata ni kichwa cha Bloom, bila alama ya kufungulia wala "aliwaza". Amevaa nyeusi kwa sababu leo kuna maziko. Ukiona sentensi imekatika na haina mtendaji, ujue umeingia kichwani mwa mtu. Maneno yanayosemwa kwa mdomo huanza kwa kistari. Shika hayo mawili, na nusu ya fumbo imetatuka.

Soma kwa sauti, angalau ukurasa mmoja kila kikao. Mwaka 1982 redio ya taifa ya Ireland, RTÉ, ilirekodi riwaya nzima ikiigizwa na waigizaji wake, karibu saa 30, na inapatikana bure mtandaoni. Sikiliza huku unafuatilia maandishi. Kwa sura ya 11, iliyotungwa kama muziki, hakuna njia bora.

Maelezo ya nyuma yaache mpaka umalize sura. Anayekimbilia huko kila mstari hasomi riwaya, anasoma orodha ya mitaa.

Kuhusu sura zenyewe, ya 6, safari ya makaburini Glasnevin, ni nyepesi na inachekesha kwa namna ambayo aliyewahi kukaa garini kwenye msafara wa maziko ataielewa. Ya 9, mjadala wa Shakespeare maktabani, inachosha, vumilia. Ya 14 imeandikwa kwa kuiga mitindo ya nathari ya Kiingereza tangu zamani mpaka leo, na nashauri bila kuona haya uisome muhtasari tu mara ya kwanza. Ya 15, kubwa kuliko zote, iko katika umbo la tamthilia ya ndoto katika mtaa wa makahaba. Igawe kwa siku kadhaa. Ya 17 ni maswali na majibu kama katekisimu, baridi kwa juu, na ndani yake kuna huzuni nyingi. Ya 18 ni Molly peke yake kitandani, sentensi nane ndefu karibu bila alama yoyote. Wengi wanaiogopa, ilhali ukiisoma kwa sauti pumzi inajipanga yenyewe.

Sura ya 12 nataka uisimamie. Tuko katika baa ya Barney Kiernan. Mzalendo mmoja, anayeitwa tu "raia", ananguruma dhidi ya ukoloni wa Uingereza, na mazungumzo yanafika Kongo. Mmoja anauliza kuhusu ripoti ya yule bwana, jina lake nani. Casement, anajibu raia, ni Mwairishi. Ndiye Roger Casement, balozi mdogo aliyeanika mwaka 1904 ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji: viboko, ubakaji, mpira uliokamuliwa kwa damu. Walevi wa Dublin wanashtuka kwa haki kabisa. Halafu, dakika chache baadaye, raia huyohuyo anamgeukia Bloom, anamtukana kwa Uyahudi wake na kumrushia kopo la biskuti. Joyce, ambaye hakuupenda ukoloni, alikuwa pia ameona jinsi mtu anavyoweza kuililia Kongo na kumwonea jirani katika kikao kimoja. Mwaka 1916 Waingereza walimnyonga Casement kwa kuunga mkono uasi wa Ireland. Alipochapisha riwaya mwaka 1922, Joyce alijua kila msomaji wa Dublin atalisikia jina hilo kwa masikio mengine.

Marufuku nayo unapaswa kuijua, kwani utaulizwa. Jarida la Marekani, The Little Review, lilichapisha sura kadhaa kuanzia mwaka 1918. Mwaka 1921 wahariri wake wawili, Margaret Anderson na Jane Heap, walitozwa faini ya dola 50 kila mmoja kwa sababu ya sura ya 13. Hakuna mchapishaji aliyethubutu tena, mpaka Sylvia Beach, Mmarekani mwenye duka la vitabu Paris, alipojitolea bila uzoefu wowote wa uchapishaji. Nakala 1,000 za kwanza zilianza kutoka 2 Februari 1922. Marekani iliiruhusu baada ya hukumu ya Jaji John Woolsey ya Desemba 1933. Ireland yenyewe haikuwahi kuipiga marufuku rasmi. Wauza vitabu walijizuia wenyewe.

Hatua ya 6: Finnegans Wake isikilize, usiisome

Riwaya hii ya mwisho ilimchukua karibu miaka 17, ikatoka Mei 1939. Imeandikwa kwa lugha ya ndoto iliyochanganya Kiingereza na makumi ya lugha nyingine. Ukurasa wa kwanza una neno la herufi 100 linaloigiza radi. Sentensi ya mwisho inakatika na kuungana na ya kwanza. Neno "quark" la wanafizikia lilichukuliwa humu na Murray Gell-Mann.

Usijaribu kuanza mwanzo. Fungua sura ya nane, ambako wanawake wawili wanafua nguo kwenye kingo za mto Liffey huku wakimsengenya mwanamke aitwaye Anna Livia. Joyce alipachika humo majina ya mamia ya mito ya dunia, na Kiswahili kimo pia: utakuta "tembo", "tumbo" na "pilipili" katika mstari mmoja, tembo akiwa kinywaji au mnyama, upendavyo. Kwa mara moja, msomaji wa Mombasa au Bukavu anamtangulia profesa. Kisha tafuta rekodi ya mwaka 1929 ambamo Joyce mwenyewe anazisoma kurasa za mwisho za sura hiyo. Ni dakika chache, na lafudhi yake ya Dublin inayafungua maneno ambayo kwenye karatasi yalikuwa mawe.

Zaidi ya hapo, kusanya watu wachache na msome ukurasa mmoja kwa kikao, mkicheka. Kuisoma peke yako tangu mwanzo hadi mwisho ni adhabu ambayo hakuna aliyekuhukumu.

Hatua ya 7: Fuata nyayo zake, vitabuni na Dublin

Baada ya Joyce msome Samuel Beckett, aliyekuwa msaidizi wake Paris, akaamua kwenda kinyume: mwalimu alijaza kila kitu, yeye akaondoa kila kitu. Msome Virginia Woolf, aliyeikosoa Ulysses kwa ukali katika shajara zake, kisha mwaka 1925 akatoa Mrs Dalloway, siku moja ya mwanamke mmoja London. Kwa Kiswahili, rudi kwa Euphrase Kezilahabi. Sidai kwamba alimwiga Joyce, lakini msomaji wa Nagona na Mzingile amekwisha kuzoea riwaya inayovunja njia ya moja kwa moja na kukuacha ujitafutie.

Ukipata nafasi ya kufika Dublin, nenda wiki ya 16 Juni, siku inayoitwa Bloomsday. Sherehe ya kwanza ilikuwa mwaka 1954, waandishi wachache akiwemo Flann O'Brien wakizunguka kwa magari ya farasi. Ziara iliishia baa kabla ya kumalizika. Weka nafasi ya kulala mapema, hoteli hujaa. Anza asubuhi kwenye mnara wa Sandycove, inapoanzia riwaya, sasa makumbusho. Treni ya DART inakufikisha karibu. Rudi mjini, pita duka la dawa la zamani la Sweny, ambako watu wa kujitolea husoma kwa sauti na kuuza sabuni ya limau kama aliyonunua Bloom. Nyumba ya 7 Eccles Street ilibomolewa. Mlango wake umehifadhiwa na James Joyce Centre, North Great George's Street. Mchana ingia baa ya Davy Byrne, Duke Street, uagize sandwichi ya jibini la gorgonzola na haradali. Bloom aliteremshia yake kwa glasi ya mvinyo wa Burgundy. Wewe ukiomba chai hawatakufukuza.